Meno Ishirini na Nne

Nianze kwa kukiri: mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu hupanda mtu akigusa ufundi wangu. Nitukane mimi, utukane na ukoo wangu wa Kinubi mpaka kwa babu aliyeletwa huku na bunduki ya Mwingereza begani, nitacheka nawe. Sema kazi yangu ni mbovu, utaiona rangi yangu. Mke wangu Rukiah alinionya tangu tulipooana kwamba mdomo wangu utaniponza. Ulichelewa, lakini siku yake ilifika, na aliyeponzwa kwanza hakuwa mimi.

Gereji yetu ilikuwa Kisenyi, jijini Kampala, nyuma ya maduka ya Wasomali, ua wenye ukuta mrefu na geti la mabati. Mwenyewe wa zamani alikuwa Mhindi aliyetuajiri, akafukuzwa nchini pamoja na wenzake, akaacha mashine ya kukereza chuma na kalenda ya mwaka sabini na mbili ambayo hakuna aliyejali kuibandua. Tulikuwa mafundi wawili. Mimi, Kasim, nilikuwa wa kufungua na kufunga. Mwenzangu Saverio Odur, mtu wa Lango kutoka Lira, alikuwa wa mashine. Mimi gari nililijua kwa mikono, Odur alikijua chuma kwa masikio: angegonga kipande na kukuambia kimetoka wapi na kitafaa nini.

Mwaka ninaousimulia ni wa sabini na saba. Watu wa Lango na Acholi walikuwa wakichukuliwa na askari makazini na majumbani mwao, na wachache sana walirudi. Alanyo, mke wa Odur, aliwahi kuvuka mpaka wa Busia na mtoto mgongoni, akafika Kisumu. Odur hakuwahi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watu wa kuchukuliwa, na orodha hiyo ilikuwa mfukoni mwa shemeji yangu Wahabi, kapteni wa jeshi, kaka yake Rukiah wa tumbo moja.

Sasa uone jinsi mtu anavyofungwa bila kupelekwa jela. Wahabi alikuwa na jipu, gari la jeshi alilolipenda kuliko wake zake wote wawili. Alilishindilia magunia ya kahawa, akalipitisha kwenye mapori na madimbwi mpaka mpakani, na kwa mzigo ule hafushafti za nyuma zilikatika kila mara. Hafushafti ni kile chuma kirefu kinachotoka kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, kwenda kuzungusha gurudumu. Kikikatika, injini inanguruma na gari limekaa. Spea hazikuwepo nchini hata kwa dawa. Mtu mmoja tu Kampala yote angeweza kukereza hafushafti na kuitia matiko, yaani kuikaza kwa moto na maji, ikakubali, na mtu huyo alikuwa Odur.

Basi Wahabi akaweka askari getini, kijana mpole aitwaye Abudu, akaniambia mbele ya Odur mwenyewe, "Shemeji, huyu anakaa hapa ndani. Akiwa ndani, mimi sijui jina yake. Akitoka nje, najua."

Miezi kumi na mmoja Odur alilala juu ya magunia kando ya mashine. Rukiah alimpikia, mimi nikambebea chakula. Anga aliyoiona ilikuwa ile ya juu ya ukuta tu. Na kila baada ya wiki mbili jipu lilirudi likivutwa kwa mnyororo, shafti imekatika tena.

Hapo ndipo nilipokuwa nikichemka. Nilikuwa naona haya! Wateja waliliona jipu lile likivutwa kupita barabarani, wakacheka. "Saverio," nilimwambia si mara moja, "chuma chako siku hizi ni muhogo. Ulikuwa fundi, umekuwa nini?" Yeye alifuta mikono, akasema, "Nitajaribu ingine, mzee," akarudi kwenye mashine. Unyenyekevu wake ulinichoma zaidi. Nilidhani huzuni imemharibia mikono.

Jumatatu moja asubuhi Wahabi aliingia mwenyewe na sanduku la mbao. Akalivunja kwa kisigino cha buti. Ndani, zimelala kwenye karatasi ya mafuta, kulikuwa na hafushafti mbili nene ambazo sijapata kuona mfano wake.

"Dawa imefika," alisema. "Imetoka Nairobi. Hii haikatiki hata ubebe kanisa na padri ndani."

Odur alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya shafti, akihesabu meno yale yanayoingia kwenye difu. Alihesabu mara mbili. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyeshushwa mzigo.

"Afande, hii iko na meno ishirini na nne. Difu yetu iko na shimo ya meno kumi. Haiwezi ingia. Walileta shafti, wakasahau difu yake."

"Sasa?"

"Sasa hakuna namna, afande. Mimi nitakereza ingine ya kumi."

Wahabi hakumtazama. Alinigeukia mimi, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Hakuna namna! Muhindi angekuwa hapa saa hii amefunga, amekunywa chai. Nyinyi serikali ilipatia gereji ya bure, lakini akili haikupatia. Kasim, mimi nilisema dada yangu ameolewa na fundi. Kumbe ni mtu wa kushika spana tu."

Damu ilinipanda. Sikumtazama Odur. Laiti ningemtazama!

"Inawezekana!" nilisema. "Nani amesema haiwezekani? Kule nyuma kuna gari ya wale wapima-barabara, imekufa kitambo. Difu yake ni ya meno ishirini na nne. Naichomoa, nafunga hapa, na shafti zinaingia bila shida."

Wahabi akanipiga begani. "Huyo ndiye shemeji yangu! Ijumaa nataka gari." Akaondoka.

Nilikwenda nyuma ya ua nikiwa bado nimevimba kwa ushindi. Lile gari bovu sikuliona, nikaona rundo la matairi makuukuu limepangwa mpaka juu. Nikaanza kuyatupa moja moja, nikijiuliza ni mjinga gani aliyerundika takataka mahali pale. Odur alikuja, akasimama kando yangu.

"Ni mimi nilifunika," alisema. "Mwaka jana. Ili mtu asikumbuke."

"Kwa nini?"

Alinishika mkono, akanipeleka chini ya jipu ambako Abudu hangetusikia. Akaokota kipande cha shafti ya mwisho iliyokatika, akakipangusa vizuri, akanionyesha pale ilipoachana. Ukingo mmoja wa mvunjiko ulikuwa umekwaruka kama kawaida ya chuma kikikatika. Lakini sehemu ndogo, upana wa ukucha, ilikuwa laini, imenyooka. Hiyo haikuvunjika. Hiyo ilikatwa.

"Wewe unafikiri mimi nimesahau kutia chuma matiko, mzee? Kila shafti nakata mustari hapa na tupa, ile ya kusugua chuma. Kidogo tu. Najaza grisi na masizi, haionekani. Inatembea wiki mbili, inakatika. Ikikatika, afande anarudi. Akirudi, ananitaka. Hivyo ndiyo niko hai. Wiki mbili, halafu wiki mbili."

Nilikuwa nimelala chali kwenye mafuta, nikitazama tumbo la lile gari. Miezi kumi na mmoja nilikuwa nimemtukana mtu kwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mdomo yako, mzee." Hakusema kwa ubaya.

"Na hizi mpya?"

"Hizi ni chuma ya kweli. Zitakula miaka kumi." Akakirudisha kile kipande chini taratibu. "Mimi sina miaka kumi. Niko na mpaka Ijumaa."

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Rukiah yote. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alijifunga kanga yake nzuri, akaenda kwa kaka yake kumwombea Odur. Alirudi jioni na sukari kilo mbili, na siku hizo sukari ilikuwa kitu cha kuonyesha majirani. Akaiweka mezani kama kitu kilichooza.

"Amenipokea vizuri," alisema. "Amenipa hii. Halafu amesema, gari ikipona, daktari ni ya nini?"

Ile sukari hakuna aliyeigusa.

Jumanne na Jumatano nilifanya kazi kwa sababu Abudu alikuwa akichungulia na mikono haijui kukaa. Nilichomoa difu ya wapima-barabara, nikaiosha kwa dizeli. Odur alinisaidia kubeba. Nilipoijaribisha na zile shafti, ziliingia sawasawa, meno kwa meno, bila kubisha. Siku nyingine ningeita watu waje kutazama. Siku hiyo nilizichomoa upesi, asizione mtu.

"Ina nguvu hii," nilisema. "Haitakatika popote."

"Hakuna kitu haikatiki popote," Odur alijibu huku akipaka grisi. "Ile shafti ya kwanza ilikuwa nyembamba kwa maana. Gari ikizidiwa, inakufa yenyewe, inaokoa difu. Sasa umeweka shafti haiwezi kufa. Ile nguvu itaenda wapi?"

Alikuwa akinifundisha ufundi tu, kama alivyozoea. Lakini neno lile liliniingia, nikaweka spana chini.

Alhamisi mchana, Abudu alipokuwa anasali kivulini, nilichukua tupa ya Odur, nikaligeuzia geti mgongo, nikaanza kukata mashina ya meno mawili ndani ya difu. Tupa ilikuwa imezeeka, imekuwa kipara, haikuuma chuma bali ililia. Ililia mno. Nikasimama, nikatazama getini. Hapo nikasikia mashine ya kukereza ikiwashwa. Odur aliiacha ikinguruma, haina chuma chochote mdomoni, na yeye amesimama mbele yake amekunja mikono, ananitazama. Nilipomaliza nikapiga filimbi kidogo, akaizima.

Sasa, gereji za Kisenyi tulikuwa na desturi moja isiyoandikwa popote: fundi aliyefunga ndiye anayepanda gari likienda majaribio. Unaikalia kazi yako mwenyewe. Ikikuua, haki yako. Ijumaa karibu na adhuhuri Wahabi alipokuja nilimkumbusha desturi hiyo.

"Mimi nimefunga, napanda. Lakini difu hii ya zamani lazima isikilizwe, shemeji, na mwenye masikio ni huyu. Tunapanda wawili."

Alimtazama Odur muda mrefu. Nilijua anachohesabu. "Apande," alisema hatimaye. "Koplo dereva wangu ataendesha, na Abudu na bunduki nyuma. Peleka Bwaise, kwa ile maji. Ingiza kabisa. Ikitoka pale, imepona." Akavuta kofia. "Mimi naenda kusali. Nikitoka msikitini nakuja pale kuona. Na huyu tutamaliza mambo yake leo leo."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na Bwaise ilikuwa Bwaise: maji mpaka vizingitini, watu wamepandisha magodoro juu ya mabati. Koplo aliacha barabara ya Bombo, akalielekeza jipu kwenye tope la chini, upande wa mafunjo. Aliweka gia nzito. Gari lilikwenda! Lilipanda, likazama, likapanda tena, zile shafti zikivuta kama ng'ombe wa kulimia, na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi fahari. Nikaanza kuogopa kwamba nimekata kidogo mno.

Kisha mlio mmoja. Si mkubwa, kama mtu amevunja mfupa wa kuku kwa meno. Halafu mwingine, na magurudumu ya nyuma yakakaza kabisa. Koplo akakanyaga mafuta, gari likazidi kukaa. Akarudisha nyuma, hakuna. Maji yakaanza kuingia milangoni.

"Nini hiyo?" alipiga kelele.

"Difu imekufa," nilisema. "Vipande vimeziba ndani. Haisogei, hata ukiivuta na trekta, mpaka tuinue nyuma na kuchomoa shafti. Tunataka jeki mbili na mbao nene. Na haraka, maji yakifika kwa injini gari imekwisha."

Nyuso za wale askari zilibadilika. Mtu kupotea ilikuwa jambo la kila siku. Jipu la Kapteni kuzama lilikuwa jambo jingine.

"Kuna fundi Kyebando hapo juu," niliendelea. "Ana jeki. Mtu aende."

"Nenda wewe," Koplo aliniambia.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu jana. "Niende mimi? Sawa. Afande akija kutoka msikitini, akute gari yake ndani ya maji, na nani hapa? Nyinyi wawili na huyu. Mimi ni mume wa dada yake. Akinikuta mimi, atanipigia kelele mimi. Akiwakuta nyinyi peke yenu..."

Sikumaliza, wala hakukuwa na haja. Ushemeji ule ulikuwa ngao, na miezi kumi na mmoja nilikuwa nimejikinga nayo peke yangu. Ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ile ya mdomo.

Koplo na Abudu walitazamana. "Basi huyu aende. Wewe Abudu, mufuate," Koplo alisema.

"Na nani atashika gari na mimi?" nilidakia. "Inaanza kuinama, hamwoni? Tunataka mabega matatu hapa!" Na kweli jipu lilikuwa linalalia ubavu. Abudu alitupa bunduki kitini, akaingia majini mpaka kiunoni, akaegemeza bega. Alikuwa kijana mwema, akiambiwa shika anashika.

"Kimbia!" Koplo alimwambia Odur. "Na rudi upesi!"

Odur alishuka. Alisimama kidogo karibu nami, maji yakimzunguka miguuni. Miezi kumi na mmoja hakuwa amesimama mahali pasipo na ukuta, na nadhani miguu ilikuwa imesahau.

"Mzee," alisema, "tupa niliacha kwa droo. Imezeeka sana. Usibonyeze, inateleza."

"Nenda, Saverio."

Alikwenda akifuata njia ya Kyebando, hakukimbia mpaka alipofika kwenye migomba. Sisi watatu tukabaki tumeegemea jipu la Kapteni, tukilizuia lisianguke.

Wahabi alikuja baada ya swala, kanzu nyeupe. Alisimama pakavu. Alitazama gari, akatuhesabu sisi, akarudia kutuhesabu. Hakuuliza Odur yuko wapi. Aliniita, akaongea polepole, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Kama hungekuwa mume ya Rukiah," alisema, "ningekuacha ndani ya hiyo maji."

"Difu ilikuwa nzee, shemeji."

"Nzee. Ndiyo." Akafuta buti kwa majani. "Difu ingine ya meno ishirini na nne iko?"

"Hakuna."

"Basi tunarudi kwa meno kumi. Na sasa nani anajua kukereza?"

Alinijibia mwenyewe. "Wewe ulimwangalia miaka kumi na mbili. Utajua. Na utakaa ndani mpaka ujue."

Abudu alirudishwa kambini siku hiyo hiyo. Nimemuulizia kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuniambia alikwenda wapi. Nilipofanya mahesabu yangu nilijipa mimi ngao, nikampa Odur njia, na yule kijana aliyeshika gari kwa sababu nilimwambia ashike sikumwekea kitu. Hilo nimelibeba, na ninalibeba.

Getini waliweka mlinzi mwingine, asiye mpole. Nililala juu ya magunia ya Odur kando ya mashine. Rukiah alileta chakula, akakipitisha kwenye tundu la geti, tukaongea kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Nilijifunza kukereza kwa kuharibu. Shafti yangu ya tano ilikubali, na Wahabi alilichukua jipu akiwa na furaha, na siku ile nilijua kile alichokijua Odur: shafti ikidumu, mimi sina kazi, na dada mtu ni ngao nyembamba kuliko unavyodhani. Ya sita niliikata mstari kwa tupa, upana wa ukucha, nikajaza grisi na masizi. Tupa iliteleza. Nilibonyeza mno. Ilikatika baada ya siku nne na nikakaribia kugundulika.

Kuhusu Odur sikupata neno. Mwezi wa kwanza nilisema amefika Kisumu. Wa pili nilisema huenda. Wa tatu niliacha kusema.

Mwezi wa tano alikuja mwanamke wa Kibukusu aitwaye Nasike, mchuuzi wa sabuni na chumvi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mlinzi alimkagua, akachukua mche wa sabuni wa ushuru wake, akamwacha aniuzie kwenye tundu la geti. Alinipa mche mmoja umefungwa kwenye gazeti la Kenya, akasema tayari umelipiwa, akaenda zake.

Mche ulikuwa mzito mno. Nilikaa chini nyuma ya mashine, nikaufungua. Sabuni ilikuwa imepasuliwa katikati na kubanwa tena, na ndani hakukuwa na barua wala jina. Kulikuwa na tupa mpya, meno yake makali, haijawahi kugusa chuma.

Nililia, nikiwa nimeuma gazeti ili mlinzi asisikie. Kisha nikaifuta sabuni kwenye tupa, kwa kuwa jipu lilikuwa linakuja kesho, nikaweka shafti kwenye meza, na sikubonyeza.